Fundi wa Majedwali na Mkasa wa "Mzee M…"

Saa mbili asubuhi, pasi zinafoka mvuke, mashine ya kufulia inatetemeka kama ina homa, na katikati ya mashati yaliyotundikwa mpaka darini ameketi mwanamke mmoja juu ya ndoo iliyopinduliwa, kompyuta mapajani. Hafui. Hapigi pasi. Anapanua safu ya jedwali.

"Kidogo tu," anaiambia kompyuta, kama anayembembeleza mtoto avae viatu. "Sogea. Sogea basi, mama. Hapo hapo!"

Wafanyakazi wa duka hili la dobi wanamwita Fundi Safu. Kazi yake ni ile ambayo mama yake mzazi mpaka leo hajaweza kuwaeleza majirani wakaelewa: anachukua programu zenye orodha na majedwali, anayapanga upya, ili mtu akitazama aone anachokitafuta, na akitaka kukirekebisha asilazimike kwanza kwenda chuo.

"Programu nyingi zinakuja na jedwali kama nguo ya dukani," anasema bila kuinua macho. "Mikono mirefu, kiuno kipana. Mimi ndiye ninayepunguza."

Leo anapunguza mbio mbio. Mwenye duka amempa mpaka jioni. Jedwali likileta balaa tena, kompyuta ya duka inarudi kwenye boksi, duka linarudi kwenye vikaratasi vya kubana kwa pini, na Fundi Safu anampoteza mteja wake wa kwanza tangu aache ajira.

Balaa lenyewe lilitokea jana, siku ya kwanza ya programu.

"Humu ndani jina la kitambulisho analijua mwenyewe na serikali," anaeleza Bi Pasi, mkuu wa meza ya kunyooshea, mwanamke mwenye mikono mipana na ulimi usiohitaji pasi. "Sisi tuna Mama Mapacha. Tuna Mwalimu Hesabu. Mchungaji, Mpishi, Mjomba Suti. Ukiniletea jina la ukoo mimi nitampa nani nguo?"

Programu, kwa adabu zake zote, iliwapanga wateja kwa alfabeti. A haikuwa na mtu. B ilikuwa na Babu mmoja tu, mpweke. Watu wengine wote duniani walijazana kwenye M.

Tena safu ya majina ilikuwa nyembamba, hivyo kila jina refu lilikatwa shingo na kumaliziwa nukta tatu. Mzee Mrefu na Mzee Mfupi, wateja wawili wasiofanana hata kwa kivuli, wakatokea kwenye skrini wote wakiwa "Mzee M…".

Mzee Mrefu akapewa suruali ya mwenzake. Alirudi ameishika mbele yake kama kizibiti mahakamani, akauliza kwa upole ni sabuni gani hiyo inayokula nguo kuanzia miguuni.

"Nilitamani niingie kwenye mashine ya kufulia na mimi," anasema Fundi Safu. "Kosa la nukta tatu! Nilikuwa nimejaribu jedwali kwa majina ya kubuni, mafupi mafupi, yote safi. Sikuwauliza wao wanaandikaje."

Alianza kazi akiwa karani wa kuingiza bidhaa kwenye kompyuta ya ghala. Jedwali la pale lilikuwa pana kiasi kwamba ili kufika kwenye bei ilibidi utembee kulia kama kaa, na ukifika umeshasahau ni bei ya nini. Aliwaomba mafundi walisogeze. Wakamjibu haiwezekani. Akajifunza mwenyewe kwa video za bure, akalisogeza, kisha akaogopa kuwaambia.

Mapato? Anacheka. "Mwezi mzuri nalipa kodi ya chumba na intaneti. Mwezi mbaya nalipa intaneti. Mwenye nyumba unaweza kumlilia. Intaneti utaililia wapi?"

Asubuhi hii amebadilisha mengi. Kompyuta sasa inaruka "Mama", "Mzee" na "Mwalimu" inapopanga, kwa hiyo Mama Mapacha yuko kwenye M bado, maskini, lakini Mwalimu Hesabu amehamia H na anapumua. Cheo kimekuwa kidogo pembeni, jina la utani limekuwa kubwa. Mbele ya kila mstari kuna kipande cha rangi ya nguo.

Kuandika nako kumeondolewa. Jana, kwenye kisanduku cha hali ya nguo, kulikuwa na "tayari", "tayali" na "tyari", na kompyuta ikaamini ni hatua tatu tofauti za ufuaji. Leo ni kugusa tu: mara moja, kisanduku kinakuwa kijani, nguo imenyooshwa.

"Gusa, shangazi," Fundi Safu anamwambia Bi Pasi.

"Kidole kina maji."

"Gusa hivyo hivyo."

Bi Pasi anagusa kama anayepima chungu cha moto. Kijani. Anagusa kingine. Kijani. "Alaa! Kumbe kana akili," anasema, na kabla hajashauriwa ameshafanya kijani mpaka nguo ambazo bado ziko majini.

Kufika adhuhuri mambo yanakwenda kama maji. Mwenye duka, mwanamume wa tabasamu la mkopo, ananyamaza, na kwake kunyamaza ni sifa.

Hapo ndipo anaingia Mzee Mfupi.

Anasalimia, anaegemea kaunta, na anatazama skrini ambayo asubuhi hii imegeuzwa kidogo kuwaelekea wateja. Mstari wake umejitokeza. Rangi ya kahawia ya suruali yake, kisanduku cha kijani, na katikati, kwa herufi ambazo Fundi Safu alizikuza kwa mkono wake mwenyewe: MFUPI.

Bi Pasi anagundua ghafla shati linalohitaji kukunjwa huku ameipa kaunta mgongo.

"Nani huyu?" anauliza Mzee.

Hakuna anayemjua.

"Nauliza. Suruali ni yangu. Mfupi ni nani?"

Mwenye duka anamtazama Fundi Safu kwa macho ya kufunga boksi. Naye Fundi anasimama kutoka kwenye ndoo. "Shikamoo, baba. Hicho kisanduku… kinaweza kurekebishwa."

"Marahaba. Kinarekebishwaje?"

"Unakigusa mara mbili. Unaandika unachotaka."

Mzee anavaa miwani. Anagusa mara mbili. Anafuta M, anafuta F, anafuta yote, herufi moja moja, kwa raha ya mtu anayelipiza kisasi. Kisha anaandika, akitamka kila silabi: "M-zee… wa… Wa-sta-ni."

Duka zima linapasuka kwa kicheko, naye mwenyewe akiongoza. "Mzee wa Wastani! Na mkiandika tena mfupi, nahamia kwa dobi mwingine na urefu wangu wote!"

Mama aliyekuwa nyuma yake kwenye foleni anasogea. "Na mimi nionyesheni. Nimeandikwaje?"

"Mama hapana, usi…" Bi Pasi anajaribu, lakini amechelewa. Mama Mdomo ameshajisoma. Anashika kiuno, anafikiri, anagusa mara mbili, na kuanzia leo anaitwa Mama Maneno Matamu. Wateja wanaitana kutoka barazani waje kujirekebisha.

Huku wakicheka, Fundi Safu hakawii. Anatengeneza sura mbili za mstari uleule: upande wa meza ya pasi, wafanyakazi wanaona jina wanalolijua wao, upande wa kaunta, mteja anaona jina alilojichagulia.

Jua likianza kulegea, mwenye duka analibeba lile boksi tupu la kompyuta. Analikanyaga mpaka linakuwa bapa, analitupa nje kwenye takataka. "Jedwali libaki," anasema. "Wateja wamekaa dukani leo zaidi kuliko harusini. Dada yangu ana karakana ya washonaji. Nimemwambia uje Jumatatu."

"Na mimi umeniandikaje humo?" anaongeza.

"Usiguse, bosi," anasema Bi Pasi haraka. "Hicho kisanduku kimefungwa."

Fundi Safu anakunja kompyuta, anairudisha ndoo mahali pake. Ana mpango wa kukodi chumba chenye meza, na kumfundisha binti mmoja au wawili kazi hii kabla hawajaambiwa haiwezekani. Lakini kwanza washonaji. Nao ameshawaandalia swali la kuanzia, kabla hata hajawasha kompyuta.

"Nitawauliza: wateja wenu mnawaitaje?" anasema, akicheka. "Na je, wenyewe wanajua?"