Makabati ya Mke wa Athanasi

Athanasi Masunga alikuwa seremala mjini Bariadi. Alitengeneza milango na vitanda vya watu wengi, lakini jikoni kwa mkewe, Veronica, kulikuwa na meza moja mbovu tu. Kila msimu alimwambia, "Mama Jenifer, pamba ikishauzwa nakutengenezea makabati." Pamba iliuzwa, na akaja mteja mwingine.

Kisha Athanasi akaanza kusahau. Kwanza vipimo, halafu njia ya nyumbani, hadi vijana wa bodaboda wakawa wanamrudisha. Wateja wakahamia kwa Method, fundi mwenzake katika karakana ileile.

Asubuhi moja Athanasi aliamka akasema anataka kumtengenezea mkewe makabati. Binti yao Jenifer, aliyekuwa amekuja kutoka Lamadi, alishauri wanunue yaliyo tayari, ya chipbodi, baba asije akajikata. Veronica hakukubali. Alimwomba Method awe na Athanasi, mashine ya kupasulia aishike yeye.

Athanasi, Veronica na Method wakaenda hadi Ipililo kwa Machibya, mkulima aliyepanda miarobaini mpakani mwa shamba lake, ambaye kila akikata mmoja hupanda mingine. Njiani Method alikuwa ametaja mninga. Athanasi alimjibu kwamba mninga umekwisha porini, wajukuu wataujua kwa jina tu. Chipbodi nayo ikipigwa na mvuke wa wali inavimba na kumomonyoka. Mwarobaini uliokaushwa taratibu kivulini, alisema, mchwa hawaugusi. Aligonga mbao moja moja, akaweka kando zilizokuwa bado na maji. Muda wote huo Veronica aliamini mumewe amerudi.

Walipomaliza kupakia mbao garini, Athanasi alimgeukia Veronica kwa heshima.

"Mayu, na wewe unajenga?"

Mayu ni mama kwa Kisukuma, na kwa kawaida alilitumia neno hilo kwa wateja. Method aliinamisha uso.

"Najenga," Veronica alisema. "Huyo mkeo unayemtengenezea makabati yukoje?"

"Mpole. Nimemchelewesha sana." Akafikiri kidogo. "Sijui amekwenda wapi. Nataka akirudi ayakute."

Veronica alipanda gari, akajifunika uso kwa kitenge mpaka Bariadi.

Makabati yalikamilika, milango ikifunga bila kelele. Veronica alipoanza kupanga vyombo, Athanasi alimsihi kwa upole avitoe, kwa kuwa mwenye jiko bado hajafika. Jenifer alitaka kumweleza baba yake ukweli. Mama yake alimkataza, akavitoa vyombo kimoja kimoja.

Yakakaa matupu hadi mvua za kwanza. Athanasi alikuwa akiyafuta vumbi na kuulizia kama mkewe ameonekana. Halafu akaacha kufuta, akaacha na kuulizia.

Sasa vyombo vimo ndani na hakuna anayekataza. Veronica alimwambia binti yake kwamba siku zile za kuuliziwa zilimuumiza sana, lakini angalau kulikuwa na mtu anayemsubiri.

Athanasi anakula vizuri. Akimaliza hushukuru, huchukua fimbo yake, na kuaga kama mgeni.