Majina ya Kwenye Kofia

Kila Agosti Darlene humkuta mzee mmoja, mstaafu wa posta, kwenye uzio wa kambi ya mazoezi ya timu ya futiboli ya Kimarekani, hapa Ohio, akijifuta jasho kwa kitambaa kilekile cha bluu. Wachezaji huitwa tisini, lakini timu hubakiza hamsini na watatu tu; wengine hukatwa. Watu wote hukimbilia mastaa. Mzee huwapa kofia yake waisaini wale wa mkiani, wanaotoka wa mwisho wakiburuta miguu, helmeti mkononi.

"Kofia imejaa majina, na simjui hata mmoja," Darlene humtania.

"Utawajulia wapi? Wote walikatwa," hujibu kwa sauti ya kuchoka.

Jana mzee alimpa kalamu mchezaji wa jezi namba arobaini na saba, akamwonyesha sehemu nyeupe mbele. Jamaa akayasoma majina yote, akarudisha kalamu. "Hii siisaini, mzee wangu. Mimi nabaki."

Mzee akaivaa kofia yake.

Leo jezi arobaini na saba imevaliwa na mtu mwingine. Huyu hakusoma chochote. Kalamu ikaenda moja kwa moja pale peupe. Mzee akamsogeza mkono taratibu.

"Saini pembeni, mwanangu. Hapo pana mwenyewe."