Cheti cha Bega

Mwaka ule wa kufukuzana, mimi nilikuwa mwalimu wa nusu ya chini ya ubao. Bega langu la kulia lilikuwa limeganda, mkono ukagoma kupanda zaidi ya kifua, na wanafunzi wa nyuma walisimama juu ya madawati ili wasome hesabu nilizoandika karibu na sakafu. Mishahara ilikuwa imekatika miezi mingi, kwa hiyo sikuona haja ya kuwaomba radhi.

Zahanati ya mtaa ilikuwa na mtu mmoja wa kunyoosha viungo, tuliyemwita kiné tu, mpole wa sura na katili wa vidole. Alinishikisha pasi ya mkaa isiyo na mkaa, niiname niiache ining'inie na kuzunguka polepole. Alinipa mpini wa fagio wa kusukumia mkono nje. Kisha aliniweka mbele ya ukuta nitembeze vidole kwenda juu, na kila nilipokaribia kulia alisema, "Tena kidogo, mama mwalimu. Hautakufa." Nilimtukana kwa Kiluba cha kwetu. Alinijibu kwa cha kwao, maana wazazi wake walitoka Kasaï. Yeye mwenyewe alizaliwa hapa Kolwezi, na Kasaï hakuwahi kuiona.

Ndipo yakaanza maneno kwamba watu wa Kasaï warudi kwao. Mwenyekiti wa mtaa wetu, muuza mkaa mwenye sauti kubwa, aliitisha mikutano darasani kwangu kila Jumapili baada ya misa. Alitaja nyumba ya watu wa Kasaï, kisha akapaza sauti: "Wenye kukubali batoke, mukono juu!"

Mikono ilipanda, mingine kwa hasira, mingi kwa woga. Wangu ulibaki chini.

"Mama mwalimu, na weye?"

"Bega, mwenyekiti. Haipande."

"Basi wa kushoto."

"Wa kushoto? Mbele ya bazee?"

Nilimwuliza kwa mshangao mkubwa kabisa, na wazee waliokaa mbele wakaguna. Kwetu mtu hasalimu wala hapokei kitu kwa kushoto, sembuse kukubali jambo. Mwenyekiti alikasirika, akataka nilete cheti.

Kiné aliniandikia kesho yake, kwa Kifaransa kizuri na muhuri: mkono hauvuki usawa wa bega. Ilikuwa kweli, kwa wiki tatu hivi. Baada ya hapo nilianza kugusa juu ya kabati lake la bandeji, na bado kila Jumatatu alinipa cheti kipya. "Ku meza naponesha, ku papier navunja," alisema, yaani mezani ananiponya na kwenye karatasi ananivunja upya, tukacheka hadi wagonjwa waliongoja nje wakagonga mlango.

Nilijiona mjanja sana. Siku moja darasani nilijisahau, nikaandika tarehe juu kabisa ya ubao, na binti wa mwenyekiti alikuwa dawati la pili. "Mama yangu we!" nikalia, nikaanguka kitini nimeshika bega, na watoto wakanipepea kwa madaftari.

Kisha, Jumapili moja, mwenyekiti akaitaja nyumba ya kiné. Iliinuka hata mikono ya watu aliowanyoosha migongo. Mimi nilikaa kimya na cheti mkobani, cheti alichokiandika yeye, ambacho yeye hakikumfaa kitu. Niliona haya hata kuvuka barabara kwenda nyumbani.

Nilimkuta stesheni, chini ya turubai, akingoja treni na mke na watoto katikati ya umati wa wenzao. Nilikuwa nimeleta sufuria ya bukari, ugali wa kwetu, na maharagwe. Mwenyekiti na vijana wake walisimama pale wakihakikisha hakuna anayerudi mtaani. Kiné hata hakuitazama sufuria.

"Ulifanya mazoezi?"

"Kila siku," nikadanganya.

"Inua."

"Mwenyekiti anatuangalia."

Aligeuka, akamwona. "Aa, acha basi, mama. Usijiletee maneno."

Hilo ndilo lililonipandisha hasira. Mtu amefukuzwa kwake, amekaa juu ya mizigo, halafu ananihurumia mimi! Nikainua mkono hadi juu, mbele ya kila mtu. Kiné akainamisha kichwa upande, akanikagua vilevile kama pale zahanati.

"Unadanganya," akasema. "Unapandisha na shingo."

Akaweka kidole gumba nyuma ya bega langu, akasukuma, na mkono ukamaliza kipande kilichobaki. Nililia kwa sauti. Mke wake naye akalia, ingawa yeye hakuguswa na mtu.

"Mama mwalimu," mwenyekiti aliita, "ulipona lini?"

"Leo," nikamwambia.

Treni iliondoka Ijumaa. Jumapili mwenyekiti alitaja nyumba nyingine mbili, akasema mikono juu. Sikuwa na cheti. Nilikaa dawati la mbele, nikaikalia mikono yangu yote miwili. Alinitazama, kisha akawatazama wengine.

"Bote banakubali," akatangaza.

Miezi yote ile nilikuwa nimeliachia bega liseme badala yangu.

"Haina bote," nikasema. "Mi nakatala."