Mkungu wa Mama Mnadani

Watu wa kwetu waliamini kwamba rubani hawezi kuishiwa hela. Mtu anayeamka Dar, akanywa chai Mwanza na kurudi Dar kabla jua halijawa kali, atakosaje hela ya sukari? Nilipopanda kijijini, kule juu ambako lami huishia na udongo mwekundu ukaanza, walinipokea kama mtu aliyeshuka na gunia la noti. "Kapteni amekuja!" Aliyepaza sauti kuliko wote ni mama yangu. Tangu baba afariki alikuwa peke yake pale kihambani, kwenye shamba letu la migomba na kahawa, na jina alilonipa mwenyewe alishaliacha siku nyingi. Hata kwake nilikuwa Kapteni. Ndege yoyote ikipita juu ya mlima alisema ndiyo yangu, hata zile za Wazungu zinazokwenda zake Ulaya. Mimi sikumsahihisha.

Kumbe miaka ile ya mwisho ya tisini, kapteni mwenyewe alikuwa anakopa unga dukani. Niliajiriwa na moja ya kampuni za ndege zilizoota kama uyoga baada ya serikali kufungua milango. Mwanzoni tulienziwa. Kisha likaja neno "kubana matumizi". Walianza na chakula chetu cha ndani ya ndege, wakakifuta. Hoteli tuliyokuwa tukilala safarini ikageuka nyumba ya wageni yenye kunguni. Shati la sare likichakaa, jishonee. Mwisho wakaufikia mshahara, ukawa unakuja nusu, na ile nusu nyingine inakuja kwa maneno. Na hapo ubavuni pako ameketi mwenzako aliyeletwa kutoka nje, kazi ile ile, abiria wale wale, yeye analipwa kwa dola na kwa wakati. Hilo ndilo lililotukata maini. Na hasira ya rubani ni ngumu kuibeba, kwa sababu huruhusiwi kupanda nayo. Unaiacha chini, unarusha ndege ya watu kwa adabu zote, ukitua unaikuta inakusubiri.

Mwezi mmoja hivi kabla ya Krismasi tulimfuata mkurugenzi ofisini, marubani wote wazalendo. Sasa mkurugenzi huyo alikuwa mtu wa kwetu, tena wa usharika wetu wa Kilutheri. Kwao ni chini ya kanisa, kwetu ni juu. Alinisalimia kwa Kichagga mbele ya wenzangu, jambo ambalo halikunisaidia hata kidogo, maana wengine walishaanza kuninong'ona kwamba mimi ndiye nampelekea habari. Alitusikiliza akiwa amekunja mikono kifuani. Kisha akasema kampuni haina kitu kabisa, na sisi ni watu wazima, tuelewe. "Tumwombe Mungu," akasema, "mambo yatakaa sawa." Tukatoka.

Krismasi Mchagga haulizwi kama anakwenda nyumbani. Safari hii nilikwenda kwa basi, peke yangu, kwa sababu nauli ya mke na watoto sikuwa nayo. Mama nilimwambia watoto wana mafua. Akasikitika, akawafungia mafuta ya maziwa kwenye kopo niwapelekee. Kahawa yake ilikuwa haina bei tena, miti mingine alishaing'oa akapanda ndizi. Kila mtu pale kijijini alikuwa hivyo hivyo. Uzee wote wa mlimani siku zile ulikuwa umeegemea watoto walioko mjini.

Kwetu baada ya ibada kuna mnada. Asiye na fedha huleta sadaka ya mazao, awe na mkungu au yai moja tu, na mazao hayo hunadiwa pale nje ya kanisa kwa kelele na vicheko, kisha fedha huingia kanisani. Mama alileta mkungu wa ndizi kila Krismasi. Aliuchagua ukiwa bado mchanga, akafunga kitambaa chekundu kwenye shina ili watu wote wajue kwamba ule ni wa Mungu, akauwekea mbolea ya ng'ombe wake na mti wa kuuegemeza usiangushwe na upepo. Na tangu niliporusha ndege mara ya kwanza, mnunuzi wa mkungu ule alikuwa mimi. Hilo lilijulikana. Majirani walipandisha bei kwa makusudi ili kunikamua, wakajitoa kwa vicheko mwishoni, mimi nikalipa, na mkungu nikamrudishia mama pale pale mbele ya watu. Ilikuwa siku yake kubwa katika mwaka. Alitoa kwa Mungu, mtoto akamrudishia, na waliomwona wakati wa shida, alipokuwa anauza maziwa kwa miguu hadi Moshi ili nisome, walikuwepo wakishuhudia.

Ningemwambia nini? Nilikuwa na nauli ya kurudia Dar, na kidogo cha kumwachia cha chumvi na mafuta ya taa.

"Mkungu wa mama wa Kapteni!" akapaza sauti mzee wa kanisa aliyekuwa akinadi, akiwa ameuinua mkungu kwa mikono miwili. Ulikuwa mkubwa mwaka ule, Mungu anisamehe, nikautazama kwa chuki. Tukaanza na elfu mbili. Jirani mmoja akasema tatu, mimi nikasema tano. Mwingine akasema nane, akanikonyeza. Nikasema kumi. Wakasema kumi na mbili. Hapo nilikuwa nimeshafika kwenye nauli, nikaangalia viatu vyangu.

"Kapteni! Mama anakutazama!"

Watu wakacheka. Kweli alikuwa ananitazama, na yeye anacheka, akidhani nawatania. Nikasema kumi na tano, sijui kwa akili gani.

Sauti ikatoka nyuma yetu. "Elfu hamsini."

Vigelegele vikapigwa. Niligeuka nikamwona mkurugenzi wetu, suti nyeusi, ameegemea shangingi lake jipya. Mzee wa kanisa hakupiga kelele tena. Alinitazama mimi. "Elfu hamsini, mara ya kwanza," akasema polepole. Akasubiri. "Mara ya pili." Akasubiri tena, muda mrefu kabisa, akinipa nafasi, na kila akisubiri ndivyo watu walivyozidi kunigeukia. Wema wake ule ndio ulioniua. "Mara ya tatu."

Mkurugenzi akatoa noti, akauchukua mkungu akampelekea mama. "Shikamoo mama. Chukua mkungu wako, mpikie mtori Kapteni wetu. Naona siku hizi amekonda."

Watu walicheka kwa upendo tu. Mama akamshukuru kwa Kichagga, "Aika, mwanangu," maana angesema nini kingine. Hadi leo sijui kama yule bwana alikusudia kunidhalilisha. Mara nyingi nafikiri hapana. Nafikiri alikuwa amenisahau kabisa, mimi na mshahara wangu, na alikuwa anafurahia Krismasi kama mtu yeyote. Kwangu hilo ni baya zaidi.

Nilimfuata kwenye gari.

"Mzee, Krismasi njema," nikasema. "Sisi ulituambia hakuna kitu."

Akashusha sauti. "Kapteni, hapa ni kanisani. Mambo ya ofisi tutaongea ofisini."

"Ofisini ulituambia tumwombe Mungu. Sasa tumekuja kwa Mungu, unaturudisha ofisini. Mimi mshahara wangu niupate wapi? Nusu mwaka huu unanipa nusu nusu, watoto wangu wameshindwa kuja kwa bibi yao kwa kukosa nauli, halafu unaninunulia ndizi za mama yangu!"

Sauti ilikuwa imepanda, najua. Alifungua mlango wa gari, akanigusa bega, akasema nisiharibu sikukuu ya watu. Akaondoka. Nilipogeuka nilimkuta mama amesimama hatua chache tu nyuma yangu, mkungu uko miguuni pake. Alikuwa ameniletea niubebe.

Niliubeba begani hadi nyumbani. Waliotusalimia njiani mama aliwaitikia vizuri, akawauliza habari za wageni wao. Tulipofika niliuweka mkungu jikoni karibu na moto. Hakuusogelea. Alichukua ndizi nyingine zilizokuwa pembeni, za kawaida, akaketi kwenye kigoda akaanza kuzimenya kwa kisu, taratibu, huku utomvu ukimchafua vidole. Nilijua amesikia yote, hadi la watoto. Nilitaka kumwambia kwamba mambo yatakaa sawa, nikaona ni maneno yale yale ya mkurugenzi. Machozi yakanitoka, mtu mzima mwenye mvi, na moshi wa kuni ukanisaidia kidogo kuyasingizia.

Mama alimenya ndizi mbili, tatu, bila kuinua uso.

"Kapteni," akasema. Kisha akaniita kwa jina langu, lile alilonipa yeye. "Si ungeniambia tu. Ningeleta yai."