Nyoosha Shingo

Umewahi kumpiga mtoto kwa kosa ambalo si lake? Mwalimu wa darasa la pili, katika shule ninayojitolea, amefanya hivyo miaka miwili, na mtoto mwenyewe ni bintiye.

Watoto wanamwita Mama Rula. Hapendi kitu kilichopinda: mstari, foleni wala shingo. Nilipoleta programu ya simu ya kupima macho, alijitokeza wa kwanza kunisaidia kupiga picha. Mtoto anatazama nukta inayomulika, unapiga picha, simu inakuambia kama macho yote mawili yanatazama pamoja. Kijani ni salama. Nyekundu, aende kliniki.

"Wewe, macho kwenye nukta, si kwenye mapengo ya mwenzako!" akafoka, simu mkononi. Darasa likaangua kicheko.

Wa mwisho alikuwa bintiye. Akakaa, kichwa kimelalia bega kama kawaida yake.

"Nyoosha shingo."

Akanyoosha. Nyekundu.

"Simu yako mbovu, mdogo wangu." Akafuta lenzi kwa pindo la gauni, akarudia. Nyekundu. Mara ya tatu hakusubiri simu itulie, picha ikatoka na ukungu.

"Mwache akae anavyotaka," nikasema.

Kichwa kikarudi begani. Kijani.

Ndipo nilipoelewa, nikamweleza: akiinamisha kichwa, macho yanakutana; akikinyoosha, moja linakwenda zake. Mtoto alikuwa akijisaidia mwenyewe.

Mama Rula akanivuta mlangoni. "Nilimchapa rula kwa sababu ya hiyo shingo. Jicho limeshakufa? Sema kweli."

Sikujua. Mimi si daktari. Nilijua tu kwamba kuchelewa ni hatari, na hasira ikanipanda: miaka yote hiyo, hakuna mtu aliyewahi kuja kuwatazama watoto hawa macho!

"Baba yake asisikie," akanong'ona. Kabla sijamzuia, akabonyeza kuhifadhi ile kijani, jina lisiingie kwenye orodha ya kliniki, akamshika bintiye mkono, wakaondoka.

Asubuhi iliyofuata nilipeleka orodha ya wenye nyekundu kliniki. Mlango ulikuwa bado umefungwa. Kwenye benchi, wa kwanza kabisa, alikaa Mama Rula, macho mekundu, na bintiye pembeni, kichwa begani. Mkono wa mama uliinuka kwa mazoea kuinyoosha ile shingo, ukasita hewani, ukatua taratibu juu ya nywele.

Muuguzi akafungua, akapitia orodha yangu. "Huyu hayumo humu. Kaletwa na nani?"

"Na mimi, mama yake."

"Haya, ingieni."

Mama Rula hakuinuka. Binti ndiye aliyemvuta mkono.