Asubuhi Niliyotafuta Sumu

Asubuhi ile baba alirudi kutoka kunywa chai kwa jirani yetu, mchuuzi wa ngozi, mdomo umemwendea upande. Mkono wa kulia ulining'inia. Nilimwita, "Aabo!" Akanitazama, lakini neno halikutoka.

Sikufikiria ugonjwa. Ilikuwa miaka ya vita vya Shifta, na Garissa nzima tulitazamana kwa jicho la pembeni: nani anawapelekea askari habari, nani anawapelekea walio msituni. Jirani yule nilimshuku tangu siku askari walipopekua nyumba zetu zote wakairuka yake. Nikasema ni sumu.

"Tumpeleke hospitali," mama alisema.

"Hooyo, ngoja. Lazima itoke kwanza."

Nikayeyusha samli, kama tunavyomfanyia aliyelishwa kitu, nikamnywesha kijiko baada ya kijiko. Ikamtokea puani. Alikohoa mpaka macho yakawa mekundu. Nami nisiyeacha jambo nusu nikaendelea kungoja atapike, hadi jua likafika utosini.

Mama akaenda kumwita jirani, naye akaja na mkokoteni wake. Alisukuma akihema, huku mimi nikijiuliza anatafuta nini kwetu.

Kwenye kizuizi cha barabarani askari alimuuliza baba jina. Baba akamkodolea macho.

"Mzee jeuri huyu."

"Afande, hawezi kusema," mama akajibu.

"Jana pia walikuwepo wasioweza kusema. Leo wanaimba kama kasuku." Kisha akaona mate yakimtiririka baba, akatupisha.

Daktari alisema mshipa wa kichwani umeziba. Ubongo hauna akiba, alieleza. Unaishi kwa damu inayoufikia saa hiyo hiyo. Sehemu inayoikosa huanza kufa baada ya dakika chache, na iliyokufa haioti tena.

"Na haya mafuta yaliyoingia kifuani, nani alimpa?"

Mama hakunitaja. Tangu hapo najisomea vitabu vya tiba, nikitafuta ukurasa utakaoniambia kwamba kungoja kwangu hakukuongeza madhara. Sijaupata.

Wiki kadhaa baadaye, nyumbani, baba alijaribu kutamka: "Bi..." Alitaka biyo, maji. Nilifurahi mno, lakini neno halikuwa kamili. Nikashikilia kikombe cha maji bila kumpa.

"Sema tena, Aabo. Vizuri."

Akajaribu.

"Tena."

Mara ya tatu alinitazama kwa muda mrefu, akageukia ukutani. Siku hizi humsemesha mama maneno kadhaa. Mimi nikiingia, hunyamaza.