Nyimbo za Shamba la Kijiji

Dada yangu alipokaribia kuolewa pale Mpui, mchumba wake, karani aliyetoka Mbeya, alitaka kuazima gramafoni kwa mwenye duka mmoja wa Sumbawanga mjini. Baba alipendelea ngoma. Walibishana kwa upole hadi chai ikapoa.

Mwishowe mama akamgeukia dada. "Na wewe, mwanangu, unataka nini?"

"Nataka akina mama ninaolima nao shamba la kijiji," alijibu. "Wao waniimbie."

"Lakini wanajua nyimbo za kulimia tu," baba akasema.

"Ndizo hizo, baba."

Siku ya harusi waliimba wakipiga makofi, na wageni wa Mbeya wakacheza wakiinama na kuinuka kama wenye majembe mikononi. Shemeji aliwashinda wote. Nilicheka hadi kitenge kikanifunguka, nikakifunga tena, nikarudi kucheza.